Uso wa Mtu Aliyenyamaza

Nsemulwa, Mpanda
14 Septemba 1997

Kaka Alois,

Shikamoo. Huku tumebaki wazima. Jeniffer ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo hataki kucheka mbele za watu. Mama yuko Usevya, mguu wa kushoto bado unamsumbua, ila mpunga wake wote umeshaingia ndani. Anasema Noeli ukija atakufungia mchele usio na jiwe hata moja, ili wifi Immaculata aache kutusema sisi Wapimbwe. Mimi nakula, nalala. Kazini naenda.

Nimekuandikia kwa sababu wewe unazijua kompyuta. Wafadhili wa chama chetu cha wafuga nyuki wameleta moja, pamoja na skana na printa, ili lebo za asali ya Ugalla tuzitengeneze wenyewe hapa hapa. Mzee Enoka, meneja, amenikabidhi mimi kwa kuwa ndimi mpiga chapa. Jenereta linawashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na mbili. Lebo zikiisha, muda unaobaki amenipa niutumie ninavyotaka.

Nataka kuimalizia katuni ya Silvester. Unaikumbuka: ng'ombe wa Malale wanaingia kwenye mpunga wa Yotham, na wale wawili wanaongozana kwa miguu kwenda kushtakiana kata, wakibishana njia nzima. Daftari linaishia ukurasa wa kumi na nne, wanapofika mtoni na kukuta maji yamejaa. Daftari hilo limezunguka mtaa wote wa Shanwe. Tangu mume wangu Silvester afe mwezi wa sita, nikienda sokoni watu wakishanipa pole wananiuliza wale wawili walivukaje. Jana mwenye duka la sabuni ameniuliza kabla ya kunipa pole.

Kuchora sijui, unajua. Lakini nimefikiri kwamba nikiziingiza zile kurasa kwenye kompyuta, naweza kuchukua uso huku, mkono kule, ng'ombe pale, nikapanga upya na kubadilisha maneno kwenye maputo yanayotoka midomoni mwao, mpaka nikapata kurasa za mwisho. Nisipoweza, kitabu chake kitabaki hivyo hivyo, watu wawili wamesimama mtoni.

Kwenye kompyuta kuna programu inaitwa Paint. Mzee Enoka anasema wafadhili watatuletea programu nyingine ya picha, moja tu, na fomu ya kuomba inafungwa mwisho wa Novemba. Niambie niombe ipi. Mimi ndiyo kwanza naanza, usinipe ya mafundi.

Mdogo wako,
Specioza


Dar es Salaam
8 Oktoba 1997

Mdogo wangu Specioza,

Marahaba. Barua yako imefika inanukia nta, Immaculata akaishika puani kwanza kabla ya kunipa. Anakusalimu, na anasema mawe ya mchele wa mama yeye aliyahesabu. Watoto wako shule. Mkubwa anasoma, mdogo anapigana, na mimi napigana na mwalimu wake. Gazeti linatoka. Wiki iliyopita nimeandika juu ya wakubwa wanaojigawia viwanja vya wazi, na mmoja wao amepiga simu kunitishia mahakama. Nimemwomba aje na ramani.

Sasa hilo lako. Nakupinga, na nitakupinga kwa mpangilio.

Kwanza, unachotaka kufanya ni kukata na kubandika, usikiite kuchora. Vibanda vya huku mjini vimejaa vijitabu vya namna hiyo. Mtu anachukua katuni ya Wazungu, anafuta maneno yao, anajaza upuuzi wake, anaweka jina lake kwenye jalada na kujiita msanii. Msanii gani asiyeweza kuchora hata kisigino?

Pili, shemeji hana namna ya kukukatalia. Neno lolote utakalomwekea Malale mdomoni, Shanwe nzima itasema ni la Silvester. Mimi nimeandika tahariri tatu dhidi ya watu wanaojipa kazi ya kuwasemea wafu, na sikutegemea kuandika ya nne kwa dada yangu.

Tatu, programu zenyewe. Paint unayo. Ni ubao na chaki: inafuta, inakata, inabandika, na ukikosea inakurudisha nyuma hatua tatu, ya nne imekula kwako. CorelDRAW ni ya watu wa mabango wanaopenda herufi zenye vivuli. Photoshop ndiyo wanayotumia hapa kwenye chumba chetu cha kupanga kurasa. Ina tabaka, maana yake unaweka picha juu ya picha kama karatasi za plastiki na kuichezea moja bila kuigusa nyingine. Lakini inataka kompyuta yenye kumbukumbu kubwa na mtumiaji mwenye majivuno. Halafu iko Paint Shop Pro, ambayo vijana wanapeana waijaribu siku thelathini. Ni nyepesi na inafanya mengi. Sina ubaya mkubwa wa kuisema kwa sababu sijakaa nayo sana.

Ushauri wangu ni huu: usiombe yoyote. Kitabu kilichoishia njiani kiachwe njiani. Watu wa Shanwe wavuke wenyewe.

Kaka yako,
Alois


Nsemulwa, Mpanda
2 Novemba 1997

Kaka Alois,

Shikamoo. Leo ni siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa mimi na Jeniffer tumekwenda makaburini, tumepalilia, tumerudi. Mvua imetukuta njiani, kubwa kuliko ya kawaida ya kuanzia msimu. Mama anakusalimu. Mimi nakula, nalala.

Baba mkubwa Kasimiri alikuwepo makaburini, amekuulizia. Bado anaizungumzia ile siku ya kumaliza matanga. Anasema aliuliza mara tatu mbele ya watu: mwenye kitu cha marehemu akirudishe, mwenye neno la marehemu aliseme. Akaletewa baiskeli, akaletewa bomba la moshi la nyuki na glovu. Anasema mara ya tatu alikuwa anakuangalia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako. Nimemwambia viatu vilikuwa vipya.

Barua yako nimeisoma yote. Kisha nimejaribu Paint. Nilikata kichwa cha Yotham kutoka ukurasa wa tatu nikakibandika kwenye mwili wa ukurasa wa tisa. Kikaja na kipande cheupe cha karatasi pembeni yake, kikafunika pembe za ng'ombe. Nikarudi nyuma mara tatu, na mara ya nne ikakataa kama ulivyosema. Mzee Enoka alisimama nyuma yangu akatazama, akasema, "Huyu kaingiza kichwa kwenye katoni la sabuni." Kesho yake nikagundua pa kubonyeza ili ule weupe usifuatane na picha. Sasa kichwa kinakaa, ila kinaangalia upande ambao hakuna mtu.

Programu uliyoitukana kidogo kuliko zote ni Paint Shop Pro. Na kompyuta yetu nayo kumbukumbu yake ni ndogo. Nitaandika hiyo kwenye fomu, labda uniambie vingine kabla ya tarehe thelathini.

Kama kuna kitu chochote ungependa kunitumia, hata kisichokuwa cha programu, treni bado inafika siku zile zile.

Mdogo wako,
Specioza


Dar es Salaam
25 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Immaculata alikuwa na homa, imepita. Hapa mvua haikatiki, na mtaa wetu umegeuka kijito ambacho hakuna mkubwa aliyekuja kukipiga picha. Nitakiandika.

Hilo la viatu limenichekesha. Baba mkubwa macho yake hayaoni mbali siku hizi.

Omba Paint Shop Pro, umechagua vizuri, sitaki tena kubishana. Fanya hivi ukiipata: picha uliyoiingiza kwa skana usiiguse kamwe. Itunze kwa jina lake, halafu fanyia kazi nakala yenye jina jingine. Kila siku ukimaliza, badilisha jina tena. Ukurasa mmoja hautaenea kwenye disketi moja, kwa hiyo usinitumie kwa disketi, nitumie karatasi.

Na kama ni lazima umalizie, malizia kwa ukweli. Wavushe, wafike kata, waone kitabu cha kumbukumbu kinavyoonyesha kwamba eneo moja amepewa mfugaji na mkulima kwa mhuri ule ule. Hapo ndipo ilipo hadithi. Ugomvi wa Malale na Yotham umetengenezwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Usinikalishe wanaume wawili kando ya mto wakilambishana asali kana kwamba hakuna serikali. Mwisho wa namna hiyo unawafaa wale wale wanaogawa ardhi.

Nina kazi nyingi. Msalimie mama.

Alois


Nsemulwa, Mpanda
22 Februari 1998

Kaka Alois,

Shikamoo. Barua yako ya Novemba imefika Jumanne iliyopita. Reli ilikatika kwa mafuriko huko kwenu, na posta walituambia tungoje. Tumengoja. Shamba la mama la mpunga liko chini ya maji lote, amekuja kukaa na mimi. Anakaa mlangoni anaangalia mvua. Meno ya Jeniffer yameota, makubwa kuliko uso wake. Mimi nakula, nalala.

Programu ililetwa mwezi wa kwanza na mgeni wa wafadhili aliyekuja kwa ndege. Lebo za asali zimetoka vizuri. Nyuki nilimchukua kutoka kwenye daftari la Silvester, ukurasa wa pili, yule anayemfukuza Yotham. Mgeni aliuliza nani amemchora. Nikamwambia aliyekuwa bwana nyuki wetu.

Kurasa za mwisho nimetengeneza mbili, na nimezifuta mbili. Nitakueleza kwa nini.

Nilikaa nikahesabu nyuso zote kwenye zile kurasa kumi na nne. Malale anazo thelathini na moja, Yotham ishirini na nane. Wanapiga kelele, wanacheka, wanakenua, wanapiga chafya, mmoja ameng'atwa na siafu. Nimezikata zote nikaziweka kila moja na jina lake kwenye kompyuta: Malale kelele moja, Malale kelele mbili. Nikawakalisha mtoni na kuwawekea maneno ya taratibu. Lakini mdomo umepanuka, na puto linasema neno la taratibu. Mama alipoiona alisema hawa wamelewa. Ni kweli wanaonekana walevi.

Ninachokosa ni uso wa mtu aliyenyamaza. Katika kurasa kumi na nne Silvester hakuchora hata mmoja, kwa sababu walikuwa bado wanabishana. Programu inaweza kuukuza uso, kuugeuza, kuupindua. Kuunyamazisha haiwezi.

Kaka, asali umeitoa wapi?

Mimi sikukuandikia kwamba hao wawili wanalambishana asali. Kwenye daftari hakuna asali. Daftari lilipojaa, Silvester aliendelea kwenye karatasi nyeupe za ofisi, kurasa sita, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Bahasha nilikwenda kuituma mimi, tarehe tatu Februari mwaka jana, na jina lililokuwa juu yake ni lako. Alitaka gazeti lenu lizitoe. Sikuangalia ndani kwa sababu aliniambia nitaziona zikishachapwa.

Alikuwa anakwenda posta kila Ijumaa. Februari, Machi, Aprili. Mwezi wa tano akaacha kwenda. Mimi sikumuuliza kwa nini. Mwezi wa sita akapata homa ya siku nne.

Siku ya matanga ni mimi niliyemwambia baba mkubwa aulize mara ya tatu.

Specioza


Dar es Salaam
30 Machi 1998

Mdogo wangu Specioza,

Nyumbani kwangu hatujambo. Mama mpe pole ya shamba. Immaculata ameisoma barua yako, akaniwekea karatasi mezani, akakaa mbele yangu na mchicha wake anachambua. Bado yupo.

Kurasa ninazo. Zimo kwenye bahasha hii, zote sita, nimezituma kwa rejesta. Utakapozitoa utaona kwa nini sikusema.

Mimi huwa nashika kalamu nyekundu nikisoma. Siisomi barua ya mtu, siyo makala, siyo hata tangazo la kifo, bila kuwa na kalamu nyekundu mkononi. Bahasha ya shemeji ilifika siku ambayo nilikuwa nimetoka kugombana na mwenye gazeti juu ya makala ya ardhi waliyonikatia nusu. Nikaifungua. Nikaona nina mtu anayechora kuliko yeyote tuliyewahi kumchapa, na mtu huyo amewakalisha Malale na Yotham kando ya maji na kuwapa sega la asali. Nilikasirika. Niliona ametoa silaha nzuri akaitumia kukatia nyanya. Ukurasa wa mwisho ameacha maputo mawili matupu, hakuna neno. Nikayajaza mimi. Nikajaza na mengine. Nikaandika pembeni DHAIFU, nikaandika RUDIA, nikapiga mistari juu ya nyuso. Juu ya picha zenyewe, Specioza. Haikunijia kwamba ile ndiyo nakala pekee. Miaka ishirini nasahihisha vitu vilivyopigwa chapa mara mbili.

Kesho yake asubuhi nilizitazama tena, nikajua nimefanya nini. Sikuweza kuzichapa hivyo, na kuzirudisha hivyo sikuweza. Nikaanza kumwandikia barua ya kueleza. Ilikuwa barua ndefu, yenye hoja. Nilikuwa bado naiandika ilipokuja simu ya maandishi kutoka Mpanda.

Baba mkubwa alipouliza, mara ya kwanza nilijiambia kwamba karatasi siyo kitu. Mara ya pili nilijiambia nitakueleza faraghani. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya viatu. Halafu ukaniuliza programu, nami nikakuandikia juu ya watu wanaowawekea wafu maneno mdomoni. Nimeisoma nakala yangu ya ile barua. Sina la kuitetea.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili nalijua. Nimemuuliza kijana wetu wa kurasa, na nimejaribu kwa karatasi nyingine mpaka nikaona kwa macho. Ingiza kurasa kwa skana ukiwa umechagua rangi. Usichague nyeusi na nyeupe, wekundu utageuka weusi na hutaweza tena kutenganisha. Kompyuta huitunza picha ya rangi kama picha tatu zilizolaliana: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Programu yako ina mahali pa kuzitenganisha, kwenye menyu ya rangi. Ukizitenganisha zitafunguka tatu, zote za kijivu. Katika ile ya nyekundu, wino mwekundu unaonekana mweupe kama karatasi, na wino mweusi unabaki mweusi. Silvester alichora kwa wino mweusi mtupu. Itunze hiyo moja, nyingine zifunge. Palipobaki kivuli ongeza mwanga kidogo.

Usifute kwa kifutio hata sehemu moja. Ukifuta kwa mkono utakula mistari yake.

Nilikwambia kitabu kiachwe njiani. Kimeachwa njiani na mimi.

Alois


Nsemulwa, Mpanda
17 Mei 1998

Kaka Alois,

Shikamoo. Rejesta ilifika salama, nikaisaini. Mvua imekwisha. Mama amerudi Usevya kuangalia kama kuna kilichobaki, na kuna kidogo upande wa juu. Wifi mwambie mchicha wake nimeusikia mpaka huku. Jeniffer anacheka tena mbele za watu. Mimi nakula.

Siku ya kwanza niliskani kwa nyeusi na nyeupe, kwa mazoea ya barua za ofisi, ingawa ulinionya. Maneno yako yote yakawa meusi kama yake. Jenereta likazimwa. Usiku huo nilikaa na karatasi zenyewe nikazisoma, zake na zako pamoja. Mwandiko wako ni mzuri, mkubwa. Mwalimu alikuwa anakusifia.

Siku ya pili nilichagua rangi. Nikatenganisha. Zikafunguka picha tatu, moja moja, kwa taratibu, kwa sababu kompyuta yetu ni nzito. Ya nyekundu ikatokea ya kwanza. DHAIFU haikuwepo. RUDIA haikuwepo. Ile hotuba yako ya kugawa ardhi kwenye ukurasa wa kumi na saba, mistari tisa, haikuwepo, palikuwa na anga. Mzee Enoka aliita watu wa chumba cha asali waje waone. Wao walipiga makofi. Mimi nilingoja nisikie kitu moyoni, sikusikia kitu, nikaendelea na ukurasa unaofuata.

Zote sita zimetoka. Nitakueleza zilivyo, kwa sababu sidhani kama uliziona.

Wako mtoni na maji yamejaa. Wanabishana nani aliyeleta mvua. Wanachoka. Wanakaa, huyu jiwe hili na huyu jiwe lile. Malale anatoa sega la asali kwenye jani, anakata katikati kwa kidole, anakuta nusu moja ni kubwa. Anaiangalia muda mrefu, picha tatu nzima hakuna neno. Halafu anampa Yotham ile kubwa. Ukurasa wa ishirini wanakula na maji yanapita. Yotham anatazama maji. Ule ndio uso niliokuwa naukosa. Mdomo umefungwa, kuna asali kwenye ndevu. Nimeukuza mpaka ukajaa kioo chote. Kumbe alijua kuuchora.

Juu yao yapo yale maputo mawili, matupu.

Printa ilipoutoa, Mzee Enoka alisema wino umekwisha. Nikamwambia hapana, ndivyo ulivyo. Akaugeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu. Akasema, "Sasa wanasema nini?" Nikamwambia sijui.

Nimetoa nakala arobaini za kurasa zote ishirini, nikazibana kwa pini, nikazipeleka Shanwe. Nilifikiri watalalamika. Wiki iliyopita zimeanza kurudi mikononi mwangu na maputo yamejazwa kwa kalamu. Mwenye duka la sabuni amemwandikia Yotham, "Na mimi mbuzi wangu waliwahi kuingia kwako, nilinyamaza." Mama mmoja wa Kisukuma anayeuza maziwa hajui kuandika, alimtuma mwanawe amwandikie Malale, "Hapa tulipofika pananitosha." Wengine wameandika matusi. Wawili wameandika juu ya ardhi na mhuri, karibu kama ulivyoandika wewe, na hawajui kama uliandika. Jeniffer amejaza yote mawili neno lile lile: "Nina njaa."

Kurasa zenyewe bado zina wino wako. Kompyuta haisafishi karatasi. Nimeziweka ndani ya daftari, na daftari ndani ya sanduku.

Baba mkubwa nimemwambia kitu kimerudi. Akauliza kimeletwa na nani. Nikamwambia na yule mwenye viatu vipya. Akasema haya, basi matanga yamekwisha, akaomba maji ya kunywa.

Nakala yangu sijaijaza. Naifungua jioni jenereta likizimwa, naangalia, nafunga.

Yako nimeiweka humu. Ukitaka kuijaza, tumia penseli.

Mdogo wako,
Specioza